Chatu Juu ya Chungu

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Jumatatu tarehe 7 Juni 1971, kipimajoto cha stoo kilisoma nyuzi kumi na nne, na chatu hakujikunja alipoguswa.

Yunis alimgusa tena, safari hii kwa kiganja kizima. Mwili ulikuwa mgumu na wa baridi, kama bomba la maji alfajiri. Alimwinua karibu na shingo, kichwa kikaning'inia. Akangoja ulimi utoke, huku akihesabu kimoyomoyo kama alivyozoea kuwahesabisha wanafunzi mapigo ya moyo. Alifika mia moja na ishirini. Ulimi haukutoka.

"Kashakufa huyo," alisema Joha, mpishi wa shule, aliyesimama mlangoni na ungo mkononi. Alikuwa amefuata maharage. "Siku kumi tu! Hata jogoo wa gulioni hukaa zaidi."

"Shikamoo, mama Joha."

"Marahaba. Salamu haimfufui. Nimwite Mzee Damiano aje na jembe?"

"Bado. Sijathibitisha."

"Haya, thibitisha. Ila maharage nipe wewe mwenyewe, maana hapo mimi sipiti."

Yunis alikuwa mwalimu wa elimu ya viumbe katika shule ya wasichana iliyokuwa pembeni ya mji wa Kilosa. Ndiye pia aliyetunza kituo kidogo cha hali ya hewa cha shule: kisanduku cheupe cha mbao juu ya miguu minne, kipimo cha mvua, na daftari ambalo kwa miaka mitatu halikuwahi kurukwa hata siku moja. Wanafunzi walikuwa likizo. Chatu hakuwa wake. Mwishoni mwa Mei, mafundi waliokuwa wakijenga barabara kuu ya kwenda Zambia walimkuta ndani ya kalvati, bomba la kupitishia maji chini ya barabara, karibu na Mikumi, chatu mdogo bado, urefu futi sita na nusu, wakamzunguka na mapanga. Bwana nyama wa huko, yaani mlinzi wa wanyamapori, Onesphory, ambaye aliwahi kusoma na Yunis shule ya misheni, aliwahi kufika kabla panga la kwanza halijashuka.

Mwaka ule vijiji vya ujamaa vya bondeni vilikuwa vikijaza maghala ya mahindi, panya wakawa wanayala, na watu wale wale waliolalamikia panya walikuwa wakiua kila chatu waliyemwona. Onesphory akapata wazo. Chatu aonyeshwe Kilosa siku ya Saba Saba, watu wamtazame kwa karibu na waelezwe anakula nini, kisha arudishwe Mikumi akaachiwe porini. Mpaka siku hiyo alihitaji mahali pa kukaa. Yunis alikubali, akaandika kwa mkono wake kwamba atamrudisha hai na mzima, mwenye nguvu za kujitafutia chakula. Chatu akaja Kilosa kwa gari moshi, ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kamba, naye gadi wa behewa alisimama upande wa pili safari nzima.

Yunis alisoma kila alichokipata kuhusu nyoka, nacho kilikuwa kurasa nne. Hazikueleza lolote kuhusu baridi ya Juni ndani ya stoo yenye sakafu ya saruji.

Saa moja kamili alimbeba nje, akamlaza juu ya mfuniko wa tangi la maji, palipopigwa na jua la kwanza. Saa mbili na nusu, baada ya kumgusa mara sita bila jibu, aliandika kwenye daftari: *Amekufa.* Alikaa pale hata hivyo, kwa kuwa hakuwa amefikiria la kufanya baada ya neno hilo. Saa tatu na dakika kumi na tano ulimi ulichomoza, mweusi, wenye ncha mbili, ukapepea, ukarudi ndani.

Yunis aliruka nyuma. Kalamu ilimponyoka ikabingirika mpaka kwenye mfereji. Hakuwa mtu wa kurukaruka, na hakuwahi kumwogopa yule chatu. Ila alikuwa amekwisha kumwandika mfu. Alipoipata kalamu alilikata lile neno. Ndilo lilikuwa neno la kwanza kukatwa katika daftari lile.

"Thibitisho limefika?" aliita Joha kutoka jikoni.

"Yu hai."

"Ee Mola! Basi mpe blanketi!"

Joha alisema kwa mzaha, lakini Yunis alijua kwamba blanketi halina joto lake lenyewe. Hutunza tu joto la mwenye mwili wenye joto. Huyu alihitaji moto. Alimwandikia Onesphory siku ile ile, akampa gadi wa gari moshi barua. Jibu lilirudi Jumatano kwa mkono wa gadi huyo huyo, limeandikwa nyuma ya fomu ya ushuru: *Nyuzi thelathini, thelathini na mbili. Zisipungue sana. Usimlishe akiwa baridi, chakula kitamwozea tumboni. Ukimpa joto atakula mwenyewe. O.*

Umeme haukuwa umefika shuleni. Yunis alikwenda kwa Mzee Damiano.

Mzee Damiano alikuwa msimamizi wa mabanda ya kuku, mzaliwa wa Mvumi, aliyefundishwa ufugaji na mapadri muda mrefu kabla ya Uhuru. Alimsikiliza mwalimu mpaka mwisho bila kuacha kuchambua mtama, kisha akasema, "Hilo ni chungu na chemli. Basi."

"Vipi, mzee?"

"Unachimba shimo, unatia taa ya chemli imewashwa. Unaifunika kwa chungu, mdomo chini. Sanduku linakaa juu, sakafu imetobolewa, tako la chungu linachomoza ndani kama kichuguu. Moshi unatokea kwa bomba huku nyuma. Vifaranga wanalala kukizunguka chungu kama wamezunguka mama yao. Nimelea maelfu hivyo, mwalimu. Maelfu."

"Na joto unalipimaje?"

Mzee Damiano alicheka. "Kipimajoto changu ni kifaranga mwenyewe. Wakisikia baridi, wanarundikana. Wakisikia joto kali, wanakimbilia ukutani, midomo wazi. Ukiwaona wametulia, ujue pamekaa sawa, nenda kalale."

"Mimi nitatia kipimajoto."

"Tia. Hakitamdhuru."

Walijenga kwa siku moja na nusu. Sanduku lilikuwa la mninga, urefu futi tano, lililotumika kuletea vitabu. Mzee Damiano alilitoboa sakafu kwa msumeno mwembamba, akaziba mwanya kati ya mbao na chungu kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na majivu. Mfuniko ulikuwa wavu wa kuku, juu yake gunia. Yunis alining'iniza kipimajoto ndani kwa kanuni ile ile aliyoitumia uwanjani: kivulini, juu, mbali na ardhi, mbali na kitu chochote chenye joto lake. Alichagua kona iliyo mbali kabisa na chungu, chini kidogo ya wavu. Kanuni hiyo aliifundisha kila mwaka na kila mwaka aliiuliza kwenye mtihani.

Alhamisi jioni taa iliwashwa. Saa tatu baadaye kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na saba. Ijumaa asubuhi, thelathini. Mzee Damiano alipandisha utambi kidogo, wakapata thelathini na moja. Chatu, aliyekwisha kuwekwa ndani, alitoka kwenye kona, akalizunguka sanduku mara mbili, akapanda juu ya chungu, akajiviringa mzunguko juu ya mzunguko mpaka chungu kisionekane. Kichwa akakilaza juu ya mwili wake.

"Umemwona?" Mzee Damiano alisema kwa sauti ya chini, mikono kiunoni. "Ametulia. Hata kifaranga wa siku moja hatulii namna ile."

Yunis alitazama kipimajoto, kisha chatu. Vyote vilisema jambo moja. Akaandika: *Nyuzi 31. Ametulia juu ya chungu.*

Aliandika hivyo Jumamosi mara tatu. Jumapili mara tatu. Jumatatu, Jumanne. Nyuzi thelathini, thelathini na moja, thelathini. Mstari wa namba ulikuwa umenyooka kiasi kwamba alifikiri kuuchora ukutani wanafunzi wakirudi. Mzee Damiano alijaza mafuta ya taa asubuhi na jioni, akifuta kioo kwa kitambaa, akipita huku akiimba wimbo wa kanisani kwa Kikaguru. Chatu hakusogea. Siku ya Jumatatu Yunis alimpa panya aliyekufa, lakini chatu hakumtazama. Yunis akafikiri bado hajapata joto la kutosha ndani ya mwili. Akamwomba Mzee Damiano apandishe utambi unywele mmoja tu.

Jumatano tarehe 16, saa mbili kasoro robo, Joha aliingia stoo, akasimama ghafla.

"Nani kaunguza kwato humu?"

"Kwato zipi?"

"Mwalimu, mimi nakaanga, nachemsha na nababua makongoro toka nina miaka kumi. Hii ni kwato inababuka." Alinusa tena, akaifuata pua yake mpaka kwenye sanduku. "Inatoka humu."

Yunis aliinua gunia, akasoma. "Kipimajoto kinasema thelathini."

"Kipimajoto chako hakijawahi kupika makongoro."

Angeweza kucheka. Badala yake alifungua wavu, akaingiza mikono miwili chini ya mzunguko wa juu wa chatu, akainua. Mizunguko miwili ya kwanza ilikuja bila shida. Wa tatu ulikwama. Alivuta taratibu; kitu kikaachia kwa sauti ndogo, kama karatasi iliyogandia dirishani. Kwenye tako la chungu yalikuwa yamebaki magamba ya tumbo, manne, matano, saba, mapana, ya njano iliyogeuka kahawia, yamejipanga vizuri kama vigae. Chatu tumboni alikuwa na jeraha lenye upana wa kiganja, jekundu katikati, jeupe pembeni.

Joha alijifunika mdomo kwa ungo.

Yunis alikuwa amemshika chatu mikononi, futi sita na nusu za uzito hai, na ulimi ulikuwa unatoka na kurudi bila haraka, kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuwa amejipinda. Hakuwa amekimbia. Hatua moja tu pembeni sakafu ilikuwa ya vuguvugu, hatua mbili ilikuwa baridi, naye kwa siku tano alilala pale pale akiungua.

"Mshike," alimwambia Joha.

"Mimi?"

"Mshike, mama, tafadhali."

Na Joha, ambaye hakutaka hata kupita karibu na stoo, aliweka ungo chini akampokea.

Yunis alikichukua kipimajoto kutoka kwenye kona yake, akakilaza juu ya chungu. Zebaki ilipanda. Thelathini na tano. Arobaini. Arobaini na sita. Alama ya mwisho ilikuwa hamsini, na zebaki iliifikia huku ikiendelea kwa mwendo ule ule. Alikiondoa kabla kioo hakijapasuka. Namba zake zote zilikuwa za kweli. Alikuwa amepima kwa uangalifu, mara tatu kwa siku, mahali ambapo chatu hakuwapo.

Mzee Damiano alikuja na kopo la mafuta ya taa akiimba. Aliona magamba juu ya chungu. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Alikuwa ametulia," alisema.

Mzee aliliweka kopo chini, akakalia debe, akaitazama mikono yake kama aliyekabidhiwa ya mtu mwingine. "Mwalimu, nilikwambia ametulia. Mimi ndiye niliyesema."

"Na mimi niliandika, mzee. Mara kumi na tano."

Onesphory alifika Ijumaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipofika getini alikuwa bado nayo. "Mwalimu wa hali ya hewa! Nasikia Kilosa mnachoma mishikaki ya chatu siku hizi!" Lakini alipompindua chatu akaliona jeraha, mzaha ulimwisha, akapiga magoti, akalipima jeraha kwa kiganja.

"Kwa nini hakuondoka?" Yunis aliuliza. Alikuwa amelibeba swali hilo siku mbili. "Punda angeondoka. Mende angeondoka."

"Kwa nini, sijui. Nilichokiona ninakijua. Moto wa nyika umepita kule Mikumi, asubuhi nimekuta chatu amelala kwenye jivu la moto, tumbo limebabuka, na hatua tatu kutoka pale pana majani mabichi. Joto la jua linalomjia mgongoni analijua. La chini, tumbo haliambiwi kama kiganja chako kinavyoambiwa." Alimgeukia Mzee Damiano, akainama kidogo. "Shikamoo, mzee. Hukukosea kuku. Huyu si kuku."

"Marahaba," alisema Mzee Damiano, bila kuinua macho.

Onesphory alilipaka jeraha dawa ya zambarau ya zahanati, mkono wake mzito ukienda polepole. Kisha akamwita Yunis nje.

"Nisikilize, dada. Porini hawezi kwenda na tumbo hilo. Akila kabla ya Saba Saba, ina maana mwili umeamua kuishi. Atapona, mwezi, miezi miwili, nitamwachia. Asipokula, nitammaliza mwenyewe. Sitamwacha aoze akiwa hai ndani ya sanduku, wala sitamtupa porini fisi wamkute hawezi kukimbia."

"Siku kumi na tisa," Yunis alisema.

"Ndizo hizo."

Hakulala vizuri usiku ule, lakini asubuhi alikuwa na mchoro. Chungu kilishushwa chini ya sakafu, juu yake wakatandaza mchanga wa mto unene wa vidole vinne, na juu ya mchanga, kwa kimo cha shubiri moja, Mzee Damiano alipigilia wavu wa kuku ili tumbo la mnyama lisiweze kugusa kinachochemka. Joto lote liliwekwa upande mmoja wa sanduku; upande wa pili haukuwa na kitu ila karai la maji na giza. Yunis alivitoa vipimajoto vyote vitatu vya kituo cha hali ya hewa, jambo ambalo mwezi mmoja nyuma angemfukuza mwanafunzi darasani kwa kulifanya. Kimoja alikilaza juu ya wavu, kimoja katikati ya sakafu, kimoja kando ya maji. Usiku wa kwanza hawakumweka chatu ndani. Walipima sanduku tupu mpaka asubuhi, wakipokezana, yeye na mzee.

Thelathini na mbili. Ishirini na nane. Ishirini na tatu.

"Sasa naweza kusema pamekaa sawa?" aliuliza Mzee Damiano.

"Sema baada ya kugusa."

Alipeleka kiganja juu ya wavu, akakiacha pale mpaka wote wawili waridhike. "Pamekaa," alisema.

Chatu alirudishwa. Alilala upande wa joto asubuhi, akahamia upande wa baridi mchana, akarudi. Yunis aliandika kila hatua. Jeraha lilikauka, likafanya ganda jeusi. Panya wa tarehe 21 hakuliwa. Panya wa tarehe 24 hakuliwa; alitolewa siku ya pili kwa harufu.

Jumamosi tarehe 26, saa moja asubuhi, Yunis aliinua gunia na chatu akamtazama kwa macho meupe.

Yalikuwa ya buluu iliyochafuka, kama maziwa yaliyotiwa maji. Alipitisha mkono mbele yake; hakufuata. Aligonga mbao, chatu alirusha kichwa upande ambao haukuwa wa sauti. Moshi, Yunis aliwaza. Udongo umepasuka, moshi umeingia, nimempofusha. Alipiga magoti akakagua mwanya mzima kwa ncha ya kidole na karatasi yenye moto, hakuona ufa. Hilo halikumtuliza. Wiki ile nyingine pia kila kitu kilionekana sawa.

"Mzee, njoo uone."

Mzee Damiano alikuja, akatazama kwa muda mrefu. "Nimeona," alisema. "Lakini mimi kwa huyu sisemi tena ninachodhani."

"Kapofuka," alisema Joha aliyekuwa nyuma yao. "Haya, tusimseme mbele yake."

Yunis alituma ujumbe kwa gadi. Jibu lilichukua siku nne, na katika siku hizo hakula vizuri naye. Lilisema: *Macho meupe ni gamba jipya. Muache. Mpe maji. Kula bado? O.* Lilifika Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi, tarehe mosi Julai, chatu alikuwa upande wa maji, anang'aa kama aliyepakwa mafuta, na gamba kuukuu lilikuwa limezagaa sakafuni, jeupe, jepesi, limegeuzwa ndani nje kama soksi. Macho yalikuwa meusi na safi. Yunis alilinyoosha gamba juu ya meza, likavutika kupita urefu wa mwenyewe: futi saba na inchi mbili, zima kutoka pua mpaka mkia, isipokuwa tundu moja lenye upana wa kiganja. Kwenye mwili, mahali pa tundu, palikuwa na ngozi changa ya waridi, isiyo na magamba, imefunga.

Alihesabu. Zilibaki siku sita.

Tarehe 2 alimpa panya. Tarehe 3 alimpa kifaranga aliyekufa, zawadi ya Mzee Damiano. Tarehe 5 panya tena, aliyenaswa usiku kwenye ghala na kuletwa asubuhi. Chatu alipitisha ulimi juu ya kila kimoja, akageuka.

Jumanne tarehe 6 Julai, saa nne asubuhi, Onesphory aliingia getini akiwa na kikapu mkono mmoja na bunduki begani. Hakufanya mzaha. Alimsalimu Mzee Damiano, akaiegemeza bunduki kwenye ukuta wa stoo, akauliza, "Amekula?"

"Hapana."

"Siku arobaini, toka kalvati."

"Arobaini na moja. Jeraha limefunga. Amevua gamba. Ana nguvu, Onesphory, mshike uone."

"Nitamshika. Lakini chatu asiyekula ndani ya joto, Yunis, ndani yake kuna kitu kimeharibika tusichokiona. Nimewaona. Wanakauka polepole." Alivua kofia. "Nipe maji ya kunywa kwanza."

Joha alileta maji, na kwa Yunis alileta kikombe cha uji wa moto, kwa sababu hakuwa amemwona akila toka jana. Yunis alikipokea bila kukitazama, akasimama kando ya sanduku, gunia limeinuliwa. Panya wa jana alikuwa bado pale, kijivu juu ya mbao. Chatu hakuwa anamtazama panya. Kichwa kilikuwa kimeinuka, kimeelekea juu, kimesimama pasipo kutikisika.

Kilikuwa kimeelekea kwenye kikombe.

Yunis alikihamisha kikombe kushoto. Kichwa kikaenda kushoto. Akakihamisha kulia, taratibu, kichwa kikafuata. Akampa Joha kikombe, akashusha juu ya wavu kikombe kingine, cha maji baridi ya Onesphory. Kichwa hakikusogea. Aliinama karibu kuliko alivyowahi kuinama. Kando ya mdomo wa chatu, juu na chini, vilikuwapo vishimo vidogo vilivyopangwa mstari, kama vilivyotobolewa kwa sindano. Alikuwa amevichora kwenye daftari toka siku ya pili na kuandika pembeni: *kazi yake haijulikani.* Sasa aliijua: vilikuwa vikihisi joto.

"Mama Joha, una maji ya moto?"

"Ya chai yapo."

"Niletee na karai. Na koleo la jikoni. Haraka, tafadhali."

"Yunis," alisema Onesphory.

"Nipe saa moja."

Alichanganya maji ya moto na ya baridi, akapima: nyuzi arobaini. Akamtoa panya, akamfunga kwenye mfuko wa nailoni, akamzamisha. Wote wanne walisimama wakilitazama karai. Baada ya dakika ishirini alimtoa, akamkausha kwa kitambaa cha vyombo cha Joha, kisha akakilaza kipimajoto kwenye manyoya. Thelathini na saba, joto la panya mzima.

"Sasa fungua wavu, mzee. Upande huu tu."

Mzee Damiano alifungua. Yunis alimshika panya mkia kwa koleo, akampeleka ndani, akakusudia kumshusha sakafuni.

Hakuona kichwa kikienda. Aliona tu koleo limenyang'anywa mkononi mwake, akasikia chuma kikigonga mbao, na palipokuwa na panya palikuwa na fundo la mwili mzito uliojikaza mzunguko mara tatu. Joha alipiga kelele. Mzee Damiano alikuwa amerudi nyuma mpaka ukutani, na mguu wake uliikumba bunduki ikaanguka. Onesphory hakuiokota. Alikuwa ameshika ukingo wa sanduku kwa mikono miwili, mdomo wazi.

Vidole vya Yunis vilikuwa bado vimejikunja kama vilivyoshika koleo. Alivinyoosha kimoja kimoja, akatafuta kalamu.

Fundo lilikaa bila kulegea dakika tisa. Kisha mzunguko mmoja ulifunguka, kichwa kikazunguka kikitafuta, kikaipata pua ya panya. Mataya yakaachana. Saa tano na dakika hamsini na mbili, kwa saa ya mkononi ya Onesphory na ya Yunis, ncha ya mkia wa panya ilipotelea ndani ya kinywa cha chatu.